Seti ya mswaki wa kidoleni kwa meno ya kwanza: nyota tatu tu

Hii seti nimeitumia tangu mtoto hana hata jino moja mpaka sasa ana ya mbele juu na chini na gego la kwanza linachungulia, kwa hiyo nina cha kusema. Ndani unakuta miswaki miwili ya silikoni ya kuvaa kidoleni na kiboksi chake, mswaki mmoja mdogo wa kawaida, na katyubu ka dawa ya meno.

Ule wa kidoleni wakati mtoto bado ni fizi tupu ni raha, siongezi chumvi. Unaulowesha maji safi, unapitisha taratibu, mtoto anautafuna anatulia, hasa zile siku fizi zimevimba mate yanachuruzika na kila kitu kinaenda mdomoni, tena anazoea kusafishwa kwa hiyo jino likija haanzi vita. Ila kitambaa laini kilicholoweshwa kinafanya kazi ileile jamani tusidanganyane.

Shida inaanza meno yakitoka. Vile vijinywele vya silikoni ni vinene na butu, havifiki vizuri pale jino linapokutana na fizi, na pale ndipo utando wa bakteria unaoganda kwenye meno unapojificha, ndipo yale madoa meupe ya mwanzo wa kuoza yanapotokea. Halafu kidole chako ndo kiko mdomoni mwa mtu mwenye meno mapya makali, hahaha mtaniambia. Wangu aliung'ata mpaka ukachanika pembeni nikautupa hapohapo, maana kipande kikikatika kinamkaba mtoto, so ukague kila ukitaka kuuvaa. Kuchemshwa unavumilia, ila uukaushe kwanza kabisa kwa sababu kile kiboksi hakina hata tundu la hewa, unyevu ukibaki ukungu unaota.

Mswaki mdogo sasa, huo nimeupenda. Kichwa kidogo, nywele laini kweli, mpini mnene haukutelezi. Natumia asubuhi na usiku kabla hajalala, nampakata ameniegemea kichwa kifuani, nanyanyua mdomo wake wa juu kwa kidole ili nione ninachosugua, akilia ndo mdomo unafunguka zaidi namalizia fasta.

Dawa ya meno ndiyo imeniudhi. Wameandika kwa maandishi makubwa HAINA FLORAIDI kama vile ni sifa, wakati jino likishatoka hiyo floraidi ndiyo inayolilinda lisioze. Nikaiacha nikachukua yenye floraidi 1000 ppm (ppm ni kipimo cha wingi wa floraidi kwenye dawa), napaka kiasi cha punje ya mchele tu, hata akimeza hiyo kidogo haina neno, akifikisha miaka 3 ndo unaongeza iwe kama njegere moja. Na ile karatasi ya maelekezo inasifia ladha ya dawa mistari mitatu, habari ya mtoto kulala na chupa ya maziwa mdomoni hakuna kabisa, na hiyo ndiyo inayomaliza meno ya mbele ya juu hata kama unapiga mswaki kila siku.

Ukipata mswaki mdogo unauzwa peke yake chukua huo uachane na seti. Nyota tatu, mbili na nusu ni za huo mswaki.