Seti ya elektrokemia na kijitabu chake cha redoksi, naipa nyota nne

Kama kubalansi redoksi (milinganyo ya mimenyuko ambayo elektroni zinahama toka dutu moja kwenda nyingine) kunakusumbua, hii seti chukua tu. Ndani kuna bamba la zinki na la shaba, salfeti zake mbili, bika, nyaya za klipu, karatasi za chujio na nitreti ya potasiamu ya kutengenezea daraja la chumvi (karatasi iliyoloweshwa chumvi, inaunganisha mimumunyo miwili ili ioni zipite), voltimita ya mshale na kijitabu. Vifaa ni vya kawaida, kijitabu ndo chenyewe hasa, maana hakianzi na kanuni za kukariri, unaunda kwanza seli ya Daniell (betri ya zinki na shaba, ile ya 1836) halafu unaulizwa elektroni zimetoka wapi na zimeenda wapi.

Zinki inaachia elektroni mbili inageuka ioni, hiyo oksidesheni na hapo ndo anodi, elektroni zinapita kwenye waya hadi kwenye shaba, kule ioni za shaba za ule mmumunyo wa bluu zinazidaka zinakuwa shaba yenyewe. Kwa hesabu unachukua potenshali sanifu ya shaba toa ya zinki, 0.34 toa -0.76, yaani volti 1.10, na mshale wangu ulisimama chini kidogo tu ya hapo! Ukitoa daraja la chumvi unadondoka sifuri.

Kisha ndo inakuja kubalansi, na hapa wamefanya kazi nzuri sana. Wanakupa Al + Cu²⁺ → Al³⁺ + Cu, atomu zote ziko sawa kwahiyo unaona imeisha, kumbe kushoto chaji ni +2 kulia +3, alumini inatoa elektroni tatu shaba inachukua mbili, lazima zikutane kwenye sita: 2Al + 3Cu²⁺ → 2Al³⁺ + 3Cu. Baada ya hapo ile ya pamanganeti na chuma kwenye asidi haitishi tena, manganizi iliyo ndani ya pamanganeti (MnO₄⁻) namba yake ya oksidesheni inashuka kutoka +7 hadi +2 inataka elektroni tano, Fe²⁺ inatoa moja moja so unaweka tano, oksijeni nne zinaondoka kama maji manne, hayo yanadai H⁺ nane, piga chaji unapata +17 huku na +17 kule. Safi kabisa.

Kasoro sasa. Karatasi ya daraja inakauka haraka na mshale unaanza kushuka, iloweke upya kila mara. Kubwa zaidi, mazingira ya alkali wameyapa mistari miwili tu wakati wanafunzi wengi hukwama hapohapo, wangesema tu: balansi kama ya asidi, ongeza OH⁻ pande zote mbili kwa idadi ya H⁺ zilizopo, zikikutana zinakuwa maji, halafu punguza maji yaliyojirudia pande zote. Nyota ya tano imeondokea hapo.

Na salfeti ya shaba ukimaliza usiimwage kwenye sinki wala mtaroni, inaua samaki, kijitabu kimeliandika hilo kwa herufi ndogo mno ukurasa wa mwisho.