Minyoo ya plastiki ya kuvulia bass: miaka minne ya kutupa pesa majini na setapu niliyobaki nayo

Mara ya kwanza kumwambia mke wangu kwa simu kwamba kesho naamka saa kumi alfajiri kwenda kushika bass, akaniuliza, basi ya kwenda wapi? Yeye wakati huo alikuwa bado Nakuru, mimi niko huku karibu na Dallas, kwa hivyo akajua nasafiri na sijamwambia. Tangu siku hiyo kwetu samaki huyu ni basi na nitamwandika hivyo hivyo.

Naandika hii kwa sababu binamu yangu amehamia Houston juzi na akaniuliza anunue nini ili aanze kuvua, nikaanza kumjibu kwa voisi ya WhatsApp, kuangalia ni dakika kumi na moja na bado sijafika kwa ndoano. Nikaona heri niandike.

Jibu la haraka: nunua minyoo ya Gary Yamamoto inaitwa Senko, ya inchi 5, rangi wanaiita Green Pumpkin, ile kijani ya kufifia yenye vidoa vyeusi. Fimbo ya futi 7. Na risasi, ule uzito wa kuzamisha ndoano, ndogo kuliko unavyodhani. Hapo kwa risasi ndipo mimi nimepoteza miaka.

Mimi nimekua nikivua kwa kijiti na uzi wa nailoni, chambo ni nyungunyungu tumechimba nyuma ya bafu pale udongo uko na unyevu, ukishika kasamaki ka vidole viwili unarudi nyumbani shujaa. Sasa ingia duka la vifaa vya uvuvi huku Texas. Ukuta mzima, nakwambia kutoka sakafuni mpaka juu, ni minyoo ya plastiki, mijusi ya plastiki, vyura, kamba, vitu vina mikia minne havifanani na mnyama yeyote Mungu aliumba, na kila kimoja kiko kwa rangi thelathini kama duka la vitenge. Mwaka wa kwanza nilinunua pakiti nyingi mpaka nikaanza kuzificha kwa buti ya gari. Rangi ya zambarau, ya zambarau yenye kung'aa, ya zambarau yenye kung'aa na mkia wa kijani. Nilikuwa nakosa samaki naenda nanunua rangi ingine.

Na si kitu kigeni huku, hii minyoo ya plastiki iko tangu 1949, ni fundi mashine mmoja wa Akron, Ohio, anaitwa Nick Creme ndiye aliianzisha na mkewe, baadaye kampuni ikahamia Tyler, hapa hapa Texas. Kwa hivyo wazee wa huku wamezaliwa wakaikuta. Mimi ndio mgeni.

Sasa risasi. Rafiki yangu mmoja wa Mombasa anaiita chubwi na anasema sisi wa bara hatujui kitu, lakini mnanielewa, ule uzito unaovuta ndoano chini. Nilikuwa nafunga ya nusu aunsi, hiyo ni gramu 14, kwa sababu ikirushwa inaenda mbali, na mimi nilikuwa na imani kwamba samaki wakubwa wako mbali, katikati ya ziwa, kama vile pesa iko ng'ambo. Nilikuwa navulia ukingoni pale Lake Lewisville. Narusha, pwaa, mnyoo unashuka kama jiwe, unaenda kujizika kwa majani, navuta, narudi na kilo ya magugu. Nusu ya siku nasafisha ndoano. Msimu wa kwanza wote nilishika basi watatu na mmoja nadhani alikuwa anajaribu kujiua.

Halafu asubuhi moja akaja mzee mstaafu, akaweka ndoo yake kama hatua kumi kutoka kwangu, akakalia. Hakusimama hata mara moja. Alikuwa anarusha karibu, yaani mita nane, kumi, sambamba na ukingo wenyewe, pembeni ya majani, halafu anaacha. Havuti. Anaangalia uzi tu kama mtu anasubiri maji ichemke. Akashika mmoja. Wa pili. Kufika wa nne nikaona aibu ni ya nini, nikamuendea nikamsalimia nikamuuliza anatumia rangi gani. Akacheka akasema rangi hata hakumbuki, akafungua kopo la dawa akanipa karisasi kadogo kama punje ya mahindi. Moja ya nane ya aunsi, gramu tatu na nusu hivi.

Nikafunga. Mnyoo ule ule, rangi ile ile niliyokuwa nayo. Kurusha kwa tatu nikashika.

Nilikuja kuelewa baadaye nikitulia. Basi mara nyingi anadona wakati mnyoo unashuka, si wakati unavutwa. Yeye amejificha kwa kivuli, chini ya gati au pembeni ya majani, anaangalia juu. Kitu kikishuka polepole kinayumbayumba, ana muda wa kukiona, kufikiria, kuamua. Gramu 14 inampita kama bodaboda. Ile gramu tatu inamletea chakula mlangoni. Na kwa sababu hadoni akigongagonga kama ngege, yeye anafungua mdomo anavuta maji na chambo ndani, wewe juu hauhisi kitu mkononi, unaona tu uzi umeruka kidogo ama umeanza kutembea upande. Ukiona uzi unatembea na wewe haujavuta, huyo ni basi. Shusha ncha ya fimbo, kusanya uzi uliolegea, halafu vuta kwa nguvu mara moja.

Kuna siku nzito inahitajika, usinielewe vibaya. Upepo ukiwa mwingi haujui mnyoo wako uko wapi, hapo napanda gramu 7. Na kama majani yamefunga juu kama mkeka lazima kitu kizito kitoboe. Lakini mimi sasa naanza na nyepesi halafu napanda nikilazimika, zamani nilikuwa nafanya kinyume. Nimehamia tangsteni badala ya risasi ya kawaida, ni ghali, inauma, lakini kwa uzito ule ule inakuwa ndogo zaidi na ni ngumu, kwa hivyo ikigusa jiwe unahisi jiwe, ikigusa matope unahisi matope. Ukinunua moja tu nunua ya gramu 5.

Ufungaji ni ule wa Texas. Risasi yenye umbo kama la risasi ya bunduki inapita kwa uzi kwanza ncha ikiangalia juu, halafu ndoano ya saizi 3/0 ile yenye shingo iliyopinda. Ncha ya ndoano unaichoma kwa kichwa cha mnyoo kama nusu sentimita, unaitoa, unageuza ndoano, halafu unaizika tena kwa tumbo la mnyoo isitokeze. Mnyoo lazima ukae umenyooka. Ukikunjika unazunguka majini kama feni na basi si mjinga. Kazi ya kuzika ncha ni isikwame kwa majani na miti. Kifundo ni Palomar, na kabla ya kukaza lowesha na mate, ukikaza kavu uzi unaungua na utajua siku ya samaki mkubwa.

Kama hakuna majani mimi nafanya ile ya wacky, ndoano katikati ya mnyoo bila risasi kabisa, pande zote mbili zinaning'inia. Ukiangalia unaona ni kama umekosea. Lakini ikishuka ncha zote mbili zinatetemeka zenyewe, wewe haufanyi chochote. Mtoto wangu wa miaka saba ameshika basi na hii akiwa anakula mkate. Shida ni moja, minyoo laini yenye chumvi ndani ya plastiki ya namna hii, ya kampuni yoyote, inachanika haraka, samaki mmoja ama wawili imekwisha, na pakiti ya kumi nilinunua kama dola 8. Suluhisho ni pete ndogo za mpira, unavalisha mnyoo katikati na ndoano inapita chini ya pete badala ya kutoboa nyama. Hizo pete zimenirudishia pesa kuliko kitu kingine chochote kwa hilo sanduku.

Fimbo na rili, kile chombo cha kuzungushia uzi, sitakaa sana. Nina mbili. Ya kwanza ni futi 7, ugumu wa kati, rili ya kawaida inayoning'inia chini ya fimbo, saizi 2500, uzi wa kusuka wa pauni 15 halafu mwisho naunganisha mita mbili za flurokaboni, uzi usioonekana sana majini, ya pauni 10 kwa sababu ule wa kusuka samaki anauona na pia unaelea. Hii ndiyo ya vitu vyepesi na ndiyo ningemwambia binamu anunue, aachane na zile rili za ngoma za juu kwanza. Mimi nilianza na ya ngoma kwa sababu ya vidio za mashindano, nikanunua onlaini ya bei ya chini isiyo na jina la maana, siku ya kwanza uzi ukavurugika kama nywele za mtoto aliyeamka, siku ya tatu mkono wa kuzungushia ukabaki kwa kiganja changu. Baadaye nilinunua nzuri na sasa iko kwa fimbo ya pili, ngumu zaidi, flurokaboni ya pauni 15, ya kuvulia kwenye miti na majani mazito.

Vyambo vingine haraka haraka. Zoom Trick Worm, nyembamba, bei nzuri, pakiti inakuja na ishirini, kwa maji yenye jua kali na samaki wamechoka naipenda kuliko hata Senko lakini ni nyepesi, kurusha bila risasi kwa upepo ni mateso. Strike King Rage Craw, hii ni kamba wa maji baridi, makucha yake yanapigapiga yakishuka, iko kwa fimbo ngumu wakati wote. Z-Man TRD ile fupi ya inchi mbili na kitu, na kichwa cha jigi, yaani ndoano yenye risasi kichwani, cha umbo la uyoga, gramu tatu, siku hakuna chambo kinashika hii itashika. Plastiki yake inaelea kwa hivyo mkia unasimama juu ukiwa chini majini, na haichaniki, mmoja unavulia wiki mbili. Sasa pakiti imeandikwa wazi usichanganye na plastiki zingine. Nani husoma pakiti. Nilizitia zote sanduku moja, nikaliacha kwa gari mwezi wa saba, huku Texas, kufungua nikakuta uji. Uji wa rangi ya kijani na zambarau umeshikana na ndoano zangu zote. Hiyo ni juu yangu.

Lake Fork nimeenda mara mbili, ziwa la miti iliyozama, ukiona hiyo miti imesimama majini moyo unakwenda mbio. Nilishika mmoja wa inchi 19 na nikamrudisha, kwa sababu pale ukishika wa kati ya inchi 16 na 24 ni lazima arudi majini. Mke wangu, saa hiyo ameshahamia huku, alikuwa ametoa nyanya kwa friji. Kabla ya kubeba samaki nyumbani soma sheria ya lile ziwa uko, si ya ziwa la jirani, na leseni ya maji baridi ni dola 30 kwa mkazi, lipa tu.

Desemba tulienda nyumbani nikabeba fimbo ya vipande vinne na pakiti sita mpaka Naivasha. Wengi hawajui basi yuko Naivasha tangu 1929, aliletwa kutoka Marekani kwa ajili ya wavuvi wa starehe, na wale kamba wekundu wako pale tangu 1970, asili yao Louisiana, jirani na hapa Texas. Kwa hivyo nimesafirisha kamba wa plastiki kutoka Marekani kwenda kumdanganya samaki wa Marekani anayekula kamba wa Marekani, mbele ya mafunjo ya Naivasha. Mzee wa mashua alishika ile Rage Craw akaigeuza akauliza, "Kijana wangu, hii inapikwa?"

Maji yalikuwa ya matope baada ya mvua, Green Pumpkin haikuona chochote, nikabadilisha Senko nyeusi yenye chembe za bluu kwa sababu kwa maji machafu kitu cheusi kinaonekana umbo lake. Gramu 5, pembeni ya mafunjo. Nataka kusogea karibu zaidi mzee akazima injini, "Hapo hapana. Mama yao ako na mtoto." Nikaona masikio mawili ya kiboko. Nikasema sawa mzee, tukarudi nyuma, nikarusha kutoka mbali, na hiyo siku moja nikatamani ile gramu 14 yangu.

Nilishika wawili, mkubwa pengine kilo moja. Mzee akasema siku hizi wamepungua, nyavu zinatoa ngege zaidi. Nilimwachia pakiti ya nyeusi na pete tano za mpira. Juzi ametuma ujumbe kwamba imekwisha, anataka zingine, lakini zile za zambarau zenye kung'aa alizoona kwa mfuko, na ninazo kama pakiti tisa hapa kwa buti ya gari.