Toyota Raum toleo la pili: gari la mzee ambaye magoti yameanza kuuma

Ukimtafutia mzazi gari, au wewe mwenyewe umri umesogea na bado unaendesha, kagua milango kabla hujauliza habari za injini. Goti bovu na kiuno kilichokaza humsumbua mtu zaidi wakati wa kuingia na kutoka. Hapo ndipo Raum iliyotoka kiwandani kati ya 2003 na 2011, ile ambayo madalali huiita "new model", inapoziacha mbali IST na Vitz.

Upande wa kushoto mlango wa nyuma unateleza kwenye reli, na kati yake na mlango wa mbele hakuna nguzo. Nguzo imefichwa ndani ya milango yenyewe. Fungua yote miwili, unapata uwazi wa karibu mita moja na nusu. Fimbo ya kutembelea, mtu wa kumshika mkono, hata kiti cha magurudumu kikisogezwa karibu, vyote vinapata nafasi. Na kwa kuwa Tanzania na Kenya tunapita kushoto, abiria anashukia pembezoni mwa barabara, mbali na magari yanayopita. Kimo cha siti nacho ni cha wastani: hudumbukii kama kwenye gari la saluni, wala huparamii kama kwenye Prado.

Mzee asiingize mguu mmoja kwanza. Aipe siti mgongo, arudi nyuma mpaka aiguse kwa miguu, akae, kisha azungushe miguu yote miwili kwa pamoja. Mfuko laini wa plastiki ukiwekwa juu ya siti humsaidia kugeuka, lakini lazima utolewe kabla gari halijaondoka, maana breki ya ghafla inaweza kumtelezesha akapita chini ya mkanda.

Sasa ubovu wake. Reli ya mlango hujaa vumbi na mchanga, rola zinalika, mlango unakuwa mzito na mwishowe haushiki loki vizuri. Watu wengi huumwagia oili ya injini, na hilo ndilo linaloumaliza, kwa sababu oili inanasa mchanga na kuugeuza msasa. Futa reli kwa kitambaa kikavu, toa uchafu kwenye kona kwa mswaki wa zamani, halafu paka grisi nyeupe kidogo tu. Rola zilizokwisha hazitengenezwi, badilisha.

Kabla ya kulipa, paki gari likiwa limeinamia mbele kwenye mteremko mdogo, vuta mlango wa nyuma mpaka mwisho, uachie. Ukirudi wenyewe, kishikio chake kimekufa, na siku moja utambana mtu vidole. Kagua pia mistari kati ya mlango na bodi upande wote wa kushoto. Ikiwa mwanya ni mpana juu na mwembamba chini, huenda gari hilo limewahi kugongwa. Kwa gari ambalo nguzo yake ni milango, hiyo si kasoro ya kuombea punguzo. Liache.

Injini ni 1NZ-FE ya cc 1,496, ya cheni (si ya mkanda wa taimingi), na mafundi wanaijua vizuri. Ukiwasha swichi, taa ya SRS, yaani ya eabegi (mifuko ya hewa ya ajali), lazima iwake kidogo kisha izime. Isipowaka kabisa, huenda kuna mtu ameiua ili kuficha hitilafu ya eabegi.

Taa za mbele ndizo zinazohitaji kazi zaidi. Jicho la mtu wa miaka 60 hupokea takriban theluthi moja tu ya mwanga unaoingia kwenye jicho la kijana wa miaka 20, na plastiki ya taa za magari haya mara nyingi imeshakuwa ya njano. Isugue kwa msasa wa maji namba 800, kisha 1500, kisha 2000, uipake polishi na umalizie kwa dawa ya kuzuia jua. Bila hiyo njano inarudi baada ya muda mfupi. Safisha na kioo cha mbele kwa ndani, maana utando wake hutawanya mwanga wa magari yanayokuja. Hata hivyo, kwa safari ya mkoani mzee aondoke asubuhi.

Siti ya dereva irekebishwe mpaka kifua kiwe angalau sentimita 25 kutoka katikati ya usukani. Shingo ikiwa haigeuki vizuri, sogeza vioo vya pembeni kwa nje mpaka ubavu wa gari uonekane kwa shida, na ubandike kioo kidogo cha duara kwenye kona ya kila kimoja.

Mnunuzi wa Kenya atalazimika kutafuta iliyokwisha kutumika humo nchini, kwa kuwa magari yaliyozidi miaka 8 hayaruhusiwi kuingizwa. Milango yake basi imekula vumbi la huku kwa miaka mingi. Bei ya rola na kazi ya fundi viingie kwenye hesabu kabla ya kukubaliana na muuzaji.