Nalipia orangutani wa porini kutoka Kigoma: huduma yenyewe ikoje

Mimi nauza mawese soko la Mwanga hapa Kigoma, na kwa muda sasa namfadhili orangutani jike (jamaa wa sokwe, mwenye manyoya mekundu, wa misitu ya Asia) na mtoto wake walioko Kalimantan, upande wa Indonesia wa kisiwa cha Borneo. Wenzangu sokoni wananiuliza kwa nini pesa ya mawese ivuke bahari wakati sokwe wa Gombe wako hapo tu, ukipanda boti Kibirizi. Swali ni la haki. Nalijibu, na hapohapo naeleza huduma yenyewe kwa wanaofikiria kujiunga.

Mchikichi ni mti wa Afrika. Mwaka 1848 miche minne ilipandwa katika bustani ya mimea ya Bogor, kisiwani Java, na baadaye zao likatapakaa kote huko. Leo Indonesia na Malaysia zinatoa zaidi ya asilimia 80 ya mafuta ya mawese duniani, na mengi ya mafuta meupe tunayonunua madukani asili yake ni huko. Sisi mchikichi unaota kando ya nyumba, katikati ya mihogo na migomba, na chikichi zinakamuliwa kwenye vinu vidogo vijijini. Kule misitu mikubwa ilifyekwa ikawa shamba moja lisiloonekana mwisho. Mimi nakula na kusomesha watoto kwa mti huu, kwa hiyo wanyama waliofukuzwa kwa ajili yake wananihusu.

Shirika ninalolipia silitaji, kwa kuwa yako kadhaa yanayofanya kazi ya aina hii. Kwa mwaka nalipa kiasi kinachokaribia bei ya madumu mawili ya mawese ya lita 20. Ukishalipa unapata cheti kwa barua pepe, picha za mnyama wako, historia ya familia yake, halafu taarifa mara chache kwa mwaka. Cheti sikukichapisha hata. Kilichonishika ni taarifa.

Moja ilikuja wakati matunda yameadimika msituni. Wafuatiliaji, ambao ni wenyeji wa hukohuko, wanatoka kambini kungali giza ili wamkute mama hajashuka kwenye kiota alichofunga jana yake. Anapoamka anakojoa, nao wako chini wameshatandaza karatasi ya nailoni, wanakinga. Kipimo kidogo cha karatasi kinachovywa palepale, kikibadilika rangi kinaonyesha kama mwili umeanza kutumia mafuta yake wenyewe kwa njaa. Hawamchomi sindano, hawamgusi. Mama huyo siku ile alishinda akibandua magome na kutafuna utando wa ndani, mtoto amemning'inia ubavuni. Wakaenda naye mti kwa mti hadi jioni alipokunja matawi kufunga kiota kipya. Nilisomea pale mezani kwangu sokoni, wateja wakanisubiri.

Hapo ndipo ilipo tofauti ya kumlipia mnyama wa porini. Shirika jingine nililolichungulia kabla lilikuwa na picha za watoto yatima wa orangutani wamevalishwa nepi, na ukilipa unatumiwa mwanasesere. Vituo vya kulea yatima vina kazi yake na siwabezi, lakini yatima yupo kwa sababu mama ameuawa au msitu umekwenda. Orangutani jike anazaa kila baada ya miaka 7 hadi 9 hivi, na aina zote tatu za orangutani ziko kwenye hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Ile ya Tapanuli, kule Sumatra, iliyotambuliwa kuwa aina ya peke yake mwaka 2017, imebaki na wanyama wasiofika 800. Wa porini huwezi kumlinda bila msitu wake kusimama, kwa hiyo pesa yako inakwenda kwenye doria, kwenye misitu ya vijiji na kwenye kuzima moto. Mwaka 2015 ziliungua zaidi ya hekta milioni mbili Indonesia, karibu theluthi yake ikiwa ardhi ya mboji, yaani udongo wa kinamasi uliotokana na mabaki ya mimea, mwingi ukiwa umekaushwa kwa mifereji. Moto wa mboji unatambaa chini kwa chini, na kuuzima ni kazi ya wiki nyingi.

Mtu wa Kigoma haya hayahitaji kufundishwa. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alifika Gombe mwaka 1960, na miaka ya 1990 aliporuka juu kwa ndege aliona vilima nje ya hifadhi vimebaki vipara. Mwaka 1994 ukaanza mradi wa TACARE wa kurudisha misitu, ukaanzia kwa wanavijiji na shida zao, na leo viko vijiji vyenye misitu yao vinavyoilinda vyenyewe. Aliyempeleka Goodall Gombe, Louis Leakey, mtafiti wa mabaki ya binadamu wa kale, ndiye pia aliyemwezesha Biruté Galdikas kwenda Borneo kuwachunguza orangutani mwaka 1971. Kwa hiyo shirika lolote la orangutani nalipima kwa swali la Kigoma: wenyeji wameajiriwa? Kijiji kina sauti kwenye msitu ule? Hili langu limejibu vizuri, na limetaja vijiji vyenyewe.

Kasoro zipo. Malipo yanataka kadi, hayapokei pesa ya simu moja kwa moja, ikabidi nitumie kadi ya mtandaoni inayotengenezwa kwenye simu. Makato yanajirudia yenyewe usipoyazima, na maelezo hayo wameyaweka chini kabisa, kwa maandishi madogo. Hilo sikulipenda. Taarifa zote ni za Kiingereza. Mwanangu wa sekondari ndiye hunifafanulia pale penye istilahi ngumu. Na mchanganuo wa matumizi haukuwa unatumwa mpaka uuombe. Niliuomba, ukaja, na sehemu kubwa ilikuwa mishahara ya wafuatiliaji na walinzi. Hapo niliridhika, nikaendelea kulipa.

Ukitaka kujiunga, waandikie kwanza kabla ya kutoa kadi: omba mchanganuo, uliza wafuatiliaji wanatoka kijiji gani, na makato ya kujirudia yazime siku hiyohiyo. Shirika likikaa kimya kwa maswali hayo, tafuta jingine.