Vimeng'enya vya Chakula cha Nguruwe Wachanga: Kipi Kinunuliwe Kwanza

Kabla ya kununua kimeng'enya chochote, yaani protini inayosaidia kuvunja chakula tumboni, mfugaji aandike kwanza viambato vya chakula anachochanganya, kwa kuwa kila kimeng'enya huvunja kitu maalumu kilichomo chakulani, na kitu hicho kisipokuwamo fedha zimepotea. Nguruwe wachanga huachishwa kunyonya mara nyingi wakiwa na umri wa wiki 3 hadi 4, wakati tumbo lao bado hutoa asidi kidogo na kongosho halijazoea wanga na protini za nafaka. Katika siku za mwanzo baada ya hapo, vinyweleo vya utumbo mwembamba hufupika, ufyonzaji hupungua, na chakula kisichomeng'enywa huteremka hadi utumbo mpana, ambako bakteria hukichachusha na kuhara huanza. Vimeng'enya vya kununua huziba sehemu ya pengo hilo, si lote.

Cha kwanza, bila kusita, ni fitasi, kimeng'enya kinachovunja fitati. Sehemu kubwa ya fosforasi iliyo katika mahindi, pumba na mashudu, takriban theluthi mbili, imefungwa ndani ya fitati (kiambata cha mimea kinachohifadhi fosforasi), na nguruwe hana fitasi ya kutosha ya kuifungua. Kwa kuwa fitati hupatikana katika takriban kila nafaka na mbegu ya mafuta, fitasi haikosi kazi, na ndiyo maana naiweka mbele ya nyingine zote. Nguvu yake hupimwa kwa vizio viitwavyo FTU, na kipimo cha kawaida ni 500 kwa kilo ya chakula. Mfuko ukiandikwa FTU 5,000 kwa gramu, gramu 100 zinatosha tani nzima. Kiasi hicho ni kidogo mno kumwagwa moja kwa moja kwenye mashine, hivyo kichanganywe kwanza na kilo chache za unga, kisha mchanganyiko huo ndio uingie katika chakula. Chokaa ikizidi, kalsiamu hushikana na fitati na kuifanya iwe ngumu kuvunjwa. Zinki oksidi nyingi, ambayo baadhi ya wafugaji huitumia kuzuia kuhara, huleta tatizo hilohilo. Aidha, anayeweka fitasi bila kupunguza madini ya fosforasi aliyozoea kuongeza hatapata nafuu ya gharama, kwani ziada yote itaishia kwenye samadi.

Cha pili ni zilanasi, kimeng'enya kinachovunja nyuzinyuzi za nafaka, lakini kwa masharti. Nguruwe hana kimeng'enya chake cha kuvunja nyuzinyuzi za kuta za seli, na katika ngano, pumba ya ngano na nafaka ya rai, nyuzi hizo huufanya uji wa utumboni uwe mzito na kufungia ndani wanga na protini ambazo zingefaa. Palipo na shayiri au oti nyingi, itafutwe bidhaa iliyo na beta-glukanasi pia, kimeng'enya cha kuvunja nyuzi za nafaka hizo. Chakula cha mahindi na soya pekee hunufaika kwa kiasi kidogo zaidi, na mwenye bajeti finyu anaweza kuiacha.

Proteasi, inayovunja protini, naiweka ya tatu. Husaidia pale mashudu ya soya yanapokuwa mengi au hayakupikwa vizuri, lakini haiwezi kuyaokoa mashudu mabovu, na ni busara zaidi kununua mashudu bora kwanza. Amilasi (ya kuvunja wanga) na lipasi (ya kuvunja mafuta) zinakuja mwisho: mnyama huanza kuzitoa mwenyewe kwa wingi kadiri anavyokua.

Michanganyiko ya vimeng'enya vingi huvutia, ila manufaa yanayotajwa kwa kila kimoja hayajumlishwi tu, kwa sababu vingine hufungua virutubisho vilevile. Mfuko unaotaja majina bila kuonyesha nguvu ya kila kimeng'enya kwa gramu ubaki dukani.

Jambo la mwisho la kumuuliza muuzaji ni joto. Chakula kinachotengenezwa kuwa peleti, yaani punje zilizoshindiliwa, hupita mara nyingi katika nyuzi 80 hadi 90 za Selsiasi, na kimeng'enya kisichofunikwa au kisichostahimili joto huharibika humo. Kwa peleti, tafuta kinachostahimili joto au cha majimaji kinachonyunyiziwa baada ya kupoa. Anayelisha unga mkavu hana sababu ya kulipia sifa hiyo, bali ahakikishe tarehe ya mwisho wa matumizi haijakaribia na mfuko unakaa mahali pakavu na baridi.