Daktari wa mifugo anayekuja nyumbani, Tanga mjini: ndiye aliyemlainisha Mama

Paka wangu anaitwa Kibibi, na kwa miezi minne hakuruhusiwa kuvuka kizingiti chetu. Alizaliwa stoo kwa jirani, hapa hapa Ngamiani. Nikawa nampelekea vichwa vya vibua kwenye kifuniko cha ndoo, naye akawa ananingoja ukutani kila jioni nikirudi kazini. Mama neno lake lilikuwa moja: "Paka simtaki ndani." Baba alisema yeye hana shida, ila Mama akishasema basi, ni basi.

Nilibembeleza, nikanuna, nikaahidi kuosha vyombo mwaka mzima. Bibi naye alinitetea: paka si najisi, Mtume (s.a.w.) amesema ni katika wanaotuzunguka majumbani. Mama hakubishana na mkwewe, alisema tu kwamba hofu yake si najisi. Wifi yangu, tunayeishi naye, alikuwa na mimba ya miezi mitano, na Mama amesikia tangu utotoni kwamba paka huharibu mimba. Miezi yote ile nilikuwa nampigania Kibibi kwa hoja ambazo hazikugusa kinachomkosesha Mama usingizi.

Nikaenda kwa afisa mifugo wa kata, akanipa namba ya daktari anayezunguka mjini kwa pikipiki. Jina lake silitaji, sikumwomba ruhusa. Tuliahidiana saa nane mchana, akafika saa kumi, na simu hakupiga. Baba alishakasirika.

Lakini alivyoingia! Alimwamkia Bibi, akakaa jamvini kabla hata ya kufungua kisanduku chake, akamwuliza Mama: "Mama, hasa unachokiogopa ni nini?" Mama akamweleza yote.

Dokta hakumwambia kuwa ni maneno ya mitaani. Alisema upo ugonjwa kweli, unaitwa toksoplasmosisi. Vimelea vyake hutoka kwenye kinyesi cha paka, na mjamzito akiupata kwa mara ya kwanza, mtoto tumboni anaweza kudhurika. Kisha akaeleza taratibu. Paka kwa kawaida hutoa vimelea hivyo kwa wiki chache tu baada ya kuambukizwa mara ya kwanza, na kinyesi kikishatoka huchukua walau siku nzima kabla hakijaweza kumwambukiza mtu. Kwa hiyo kizolewe kila siku, wifi asikiguse kabisa, na akishika udongo avae glovu. Akaongeza kwamba nyama isiyoiva vizuri na mboga zisizooshwa huleta ugonjwa huo huo. Mama akamgeukia wifi palepale: "Umesikia habari ya mishikaki?"

Baba akauliza chanjo ya kichaa cha mbwa inamhusu nini paka. Akajibiwa kwamba paka naye hukipata na akiuma mtu humwambukiza, na kwamba chanjo huanza akifika miezi mitatu, halafu hurudiwa. Kibibi alizungushiwa kanga yangu, kichwa tu nje. Dokta akainua ngozi ya mgongoni kwa vidole viwili, sindano ikaingia na kutoka kabla hajalia. Dawa ya minyoo ndiyo iliyotutoa jasho, aliitema mara mbili. Mwisho tukapewa kadi ya chanjo yenye jina la Kibibi na tarehe. Baba aliisoma mbele na nyuma, akaenda kuiweka kwenye bahasha ya vyeti vyetu vya kuzaliwa. Nilipoona bahasha ile imefungwa nikajua Kibibi amepata nyumba.

Siku hiyo nililipa shilingi 30,000, na nauli ya Dokta ikiwemo. Kwa nusu saa ya kumsikiliza Mama peke yake ningelipa zaidi.

Lawama yangu kubwa ni ya Septemba. Sharti la pili la Mama lilikuwa asiwe na watoto, na paka anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne tu, kwa hiyo tukampeleka kwa Dokta huyo huyo kufungwa kizazi. Tulipatana 60,000. Nilipokwenda kumchukua nikaambiwa 75,000, eti dawa ya maumivu ni pembeni. Dawa hiyo paka anastahili, na sikatai kuilipia, lakini niambiwe mapema. Mshahara wangu wa dukani haunyumbuki. Kazi yenyewe ilikuwa safi: kidonda kidogo, kikavu, na siku ya kumi alikuja mwenyewe kutoa nyuzi bila malipo.

Mchanga wa choo cha paka unaouzwa dukani, Dokta alituambia tusihangaike nao. Tunatumia maranda ya fundi seremala kwenye beseni pana uani, nami nazoa kila asubuhi kabla ya kwenda kazini.

Wifi alijifungua salama Novemba, mtoto wa kike. Kibibi haingii chumba chao, hilo ni sharti la tatu na nalishika. Chanjo ya marudio ni Julai. Mama ndiye aliyenikumbusha wiki hii. Amesema nimpigie Dokta mapema, nimwambie saa nane ni saa nane.