Erasmus+: mhadhiri wa wiki moja au mwanafunzi wa muhula?

Erasmus (sasa Erasmus+), mpango wa Umoja wa Ulaya wa kupeleka wanafunzi na wahadhiri kwenye vyuo vya nchi nyingine, ilianza 1987 ikiwa ya Ulaya wenyewe kwa wenyewe. Sasa hata vyuo vya huku kwetu vimo, mradi viwe na mkataba na chuo cha kule.

Mhadhiri anayetoka huku hukaa siku 5 hadi miezi 2, na akienda kufundisha lazima afikishe saa 8 kwa wiki. Posho yake ni ya siku. Tuseme ukweli, wiki moja haitoshi kujifunza kitu kikubwa. Faida yake ni kufahamiana na watu wa kuandika nao mradi baadaye.

Mwanafunzi hupewa miezi 2 hadi 12, posho ya mwezi, na halipi ada kule. Kinachombana ni makubaliano ya masomo: karatasi ya kozi atakazosoma na krediti zake (alama za uzito wa kozi), yakasainiwa na yeye pamoja na vyuo vyote viwili kabla hajaondoka. Akifika akakuta kozi haifundishwi muhula huo (hutokea sana), abadilishe karatasi mapema, la sivyo akirudi krediti zitagomewa.

Nafasi ikiwa moja, mimi ningempa mwanafunzi.